Chumvi, Sabuni na Viatu vya Shule: Somo la Kagera kwa Mhudumu wa Afya

Mwaka 2008 ilitolewa ripoti ya utafiti uliofanyika Nshamba, wilayani Muleba. Jina lake kwa Kiswahili ni "Chumvi, sabuni na viatu vya shule". Vitu hivyo vitatu haviandikwi katika faili la mgonjwa. Mhudumu wa afya huandika uzito, joto la mwili na dawa alizotoa. Hana nafasi ya kuandika kama nyumbani kwa mgonjwa kuna chumvi. Hata hivyo, tafiti za sayansi ya jamii zilizofanyika Kagera tangu miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba kile ambacho kaya inashindwa kununua baada ya ugonjwa au kifo ni sehemu ya historia ya ugonjwa huo, na madhara yake huweza kuonekana miaka mingi baadaye katika miili ya watoto.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, walipima damu za watu wazima mkoani humo. Bukoba mjini walikuta watu wapatao 24 katika kila 100 wakiwa na virusi. Muleba walikuwa 10 katika kila 100. Kufikia mwaka 1996 kiwango cha Bukoba mjini kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 13, na cha Muleba hadi karibu asilimia 7. Takwimu hizo zilieleza ni wangapi walioambukizwa. Swali la waliobaki nyumbani, yaani wajane, wazee na yatima, lilihitaji utafiti wa namna nyingine.

Utafiti huo ulianza mwaka 1991. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Muhimbili walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa wa Kagera, wakarudi mara kadhaa hadi mwaka 1994. Waliuliza kaya inakula nini, inatumia fedha kiasi gani, nani anakwenda shule, nani ameugua na nani amefariki. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watafiti waliokuwa na makao yao Bukoba waliwatafuta watu wale wale, hata waliokwisha kuhamia Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo zilipatikana tena, angalau kwa mtu mmoja wa kaya hiyo. Ni nadra katika Afrika kupata kumbukumbu ya namna hiyo, inayomfuata mtoto hadi utu uzima.

Kumbukumbu hiyo inasema nini? Kwanza, matumizi ya kaya iliyofiwa na mtu mzima yalipungua kwa karibu asilimia 7 katika miaka mitano ya kwanza baada ya kifo, wakati ambapo hali ya kaya nyingine nyingi mkoani ilikuwa ikiboreka. Pili, watoto waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipofika utu uzima walikuwa wafupi kwa karibu sentimita 2 na walikuwa wamepoteza karibu mwaka mmoja wa masomo, wakilinganishwa na hali ambayo wangefikia kama mama angeishi. Hasara ya aina hii haifidiwi baadaye, kwa kuwa kimo cha mtu mzima hakiongezeki.

Jambo la tatu linahitaji kusomwa kwa makini na kila anayemhudumia mgonjwa wa muda mrefu. Martha Ainsworth, Kathleen Beegle na Godlike Koda walichunguza mahudhurio ya watoto katika shule za msingi. Hawakuona ushahidi kwamba yatima walikuwa wakiacha shule kwa wingi. Waliona kwamba katika kaya maskini watoto wadogo walicheleweshwa kuandikishwa darasa la kwanza. Waliona pia kwamba watoto waliokuwa wakisoma walipunguza saa zao za masomo katika miezi iliyotangulia kifo cha mtu mzima. Mtoto huanza kupoteza masomo mgonjwa angali hai, wakati bado anafika kituoni kwetu, mara nyingi akisindikizwa na mtoto huyo huyo.

Utafiti huo haukuishia kwenye hasara. Innocent Semali wa Muhimbili, pamoja na Ainsworth, walionyesha kwamba vifo vya watu wazima viliongeza udumavu na maradhi kwa watoto, hasa katika kaya maskini na zile zilizo mbali na huduma. Lakini mahali palipokuwa na chanjo ya surua na dawa ya kurudisha maji mwilini, watoto wa kaya maskini kabisa ndio walionufaika zaidi. Kwa maneno mengine, zahanati yenye chanjo na dawa ya kuharisha ilisaidia kuziba pengo lililoachwa na mzazi.

Nshamba ilitoa jibu jingine. Mwishoni mwa mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee ulianza kuwapa wazee, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi. Wapo waliohofu kwamba fedha taslimu zingepotea ovyo. Watafiti waliolinganisha kaya zilizopata pensheni na kaya zisizopata walikuta fedha hizo zikienda kwenye chakula bora zaidi, sabuni na mahitaji ya shule, na wazee wakiwa na mawazo mazito kidogo kuliko wenzao. Bibi mwenye uhakika wa kiasi kidogo kila mwezi huweza kupanga. Asiye na uhakika huo hulazimika kuomba kwa jirani, au mjukuu hutumwa vibarua.

Hapo ndipo suala la uraia linapoingia. Msaada wa mradi hudumu kadiri mfadhili anavyodumu, ilhali haki ya raia humfuata popote alipo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, awali shilingi 20,000 kwa mwezi, pasipo kujali kama waliwahi kuajiriwa. Tanzania Bara ina mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao majina ya walengwa hupendekezwa katika mkutano wa kijiji au mtaa. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Mgonjwa asiyehudhuria mkutano, kwa udhaifu au kwa kuogopa kunyooshewa kidole, huweza kuachwa nje ya orodha bila mtu yeyote kukusudia.

Tangu tafiti hizo zianze, dawa za kupunguza makali ya VVU zimebadili mengi, na wazazi wengi ambao zamani wangefariki leo wanalea watoto wao wenyewe. Somo la Kagera lingali linafaa, kwa kuwa saratani, kiharusi, kifua kikuu na figo nazo huchukua muda mrefu na fedha nyingi kabla ya kuua au kupona.

Kwa hiyo, ndugu mhudumu wa afya, unapomhudumia mtu mzima mwenye ugonjwa wa muda mrefu, ongeza maswali matatu: nani anakuuguza nyumbani; je, anakwenda shule; na ni kitu gani mmeacha kununua tangu uugue? Majibu huchukua dakika chache. Yakionyesha hatari, mwelekeze kwa ofisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kijiji, na hakikisha watoto wadogo wa kaya hiyo wamekamilisha chanjo na wanapimwa ukuaji wao.

Nawe uliye mgonjwa, au unayeuguza, usione haya kusema kwamba chumvi imekwisha au kwamba binti amebaki nyumbani wiki nzima. Mhudumu anaihitaji habari hiyo kama anavyohitaji kujua homa ilianza lini. Ukishindwa kufika kwenye mkutano wa kijiji, mtume ndugu au jirani unayemwamini akakusemee, ili jina lako lisisahaulike orodha inapoandikwa.