Gari la Kifahari Huzeekea Kwenye Mpira

Ukitaka kuujua ukweli wa gari la kifahari lililokwisha kutumika, nenda ukalitazame alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha. Beba tochi na futi ya fundi cherehani. Pima kutoka katikati ya kila rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kona zote nne, uandike. Kona moja ikiwa chini ya mwenzake kwa sentimita 3, umepata habari ambayo usingeipata saa nne asubuhi, injini ikiwa imeshawashwa na gari limejinyanyua likasimama sawasawa.

Kilichoshuka ni springi ya hewa. Magari mengi hubebwa na springi za chuma, na chuma huchukua miaka mingi kuchoka. Lakini S-Class ya Mercedes-Benz iliyotoka mwaka 1998, Range Rover ya mwaka 2002 na nyingi za daraja hilo zilizofuata hubebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Kompresa ndogo ya umeme husukuma hewa, vihisio hupima kimo cha kila kona, kompyuta huamua wapi paongezwe na wapi papunguzwe. Hapo ndipo unapotoka ule ulaini unaomfanya abiria asahau matuta. Mfuko wenyewe ni mpira mwembamba uliofumiwa nyuzi ndani, na kwa chini hujikunja kama soksi inayovuliwa. Kwenye mkunjo huo ndiko kifo chake kinakoanzia.

Hewa tunayovuta ina ozoni kidogo sana, aina ya oksijeni yenye atomu 3 badala ya 2. Molekuli za mpira ni minyororo mirefu ya kaboni, na kwenye aina nyingi za mpira minyororo hiyo ina vifungo maradufu ambavyo ozoni huvishambulia na kuvikata. Mpira uliotulia huvumilia. Ulionyooshwa au kukunjwa hupata nyufa nyembamba, na kila ufa hufungua sehemu mpya ya kushambuliwa. Joto huharakisha kuzeeka kwa mpira. Mwaka 1889 mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alieleza jinsi kasi ya mmenyuko wa kikemia inavyopanda pamoja na joto, na wahandisi wengi hukadiria kwamba nyuzi 10 zikiongezeka kasi hiyo hukaribia kuwa maradufu. Gari lililokuwa likilala kivulini Yokohama, likaja kuanikwa juani Tegeta, halizeeki tena kwa mwendo ule wa zamani.

Sasa itazame dashibodi. Hakuna mshale unaosoma umri wa mpira. Kuna kilomita tu, nazo ndizo tunazoziuliza kwanza, tena kwa shauku. Gari la miaka 12 lenye kilomita 45,000 linasifiwa kuwa halijatembea, na kweli injini yake huenda ikawa nzima. Mipira yake ina miaka 12.

Mfuko ukianza kuvuja kidogo, gari halianguki siku hiyo. Kompresa hufidia. Imeundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi, lakini sasa inaamka kila baada ya dakika chache, inapata moto, ringi ya pistoni yake inalika, na vijiwe vya kukausha unyevu vinalowa hadi hewa yenye maji inaingia kwenye vali. Mwenye gari anafika gereji akilalamikia kompresa. Inanunuliwa nyingine, mfuko unaovuja unaachwa palepale, na ile mpya inafuata njia ya mwenzake. Nimeliona kosa hili likirudiwa mno, na linaniuma kwa sababu maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi vingetosha kuonyesha mapovu yanapotokea. Jambo moja la usalama lisisahaulike: fundi asiingie chini ya gari la aina hii likiwa juu ya jeki peke yake. Awekewe stendi. Mfuko ukipoteza hewa, bodi hushuka ghafla.

Bei nayo ina mtego wake. Gari lililouzwa jipya kwa thamani ya nyumba linaweza kuporomoka hadi bei ya gari dogo jipya, lakini spea zake hazikuporomoka nalo. Mfuko wa hewa, taa ya mbele na pampu ya mafuta bado vinauzwa kwa hesabu ya gari la thamani ya nyumba. Ndiyo maana wengi hukimbilia spea za mtumba Kariakoo, Kirinyaga Road mjini Nairobi au Kisekka kule Kampala, ambako zipo nyingi zilizotoka Dubai na Sharjah. Mimi nasema hivi: mlango, kiti, kioo, hata rimu, nunua za mtumba bila wasiwasi. Mpira wa mtumba usinunue. Umeshakula miaka yake kwenye joto la Ghuba.

Baada ya mpira, plastiki. Matangi ya pembeni ya rejeta, chupa ya maji, nyumba ya thamostati na viunganishi vya mipira ya maji kwenye magari mengi ya Ulaya ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Ni nyepesi na imara, ila maji ya moto hukata vifungo vya nailoni kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka inakuwa ya kahawia na kuvunjika kama biskuti. Kwa kawaida haikupi onyo. Siku moja shingo ya bomba hukatika ukiwa kwenye foleni, maji yanamwagika, na silinda hedi ya alumini hupinda kabla hujapata pa kuegesha. Kwa hiyo fungua boneti injini ikiwa baridi, tafuta chumvichumvi nyeupe au alama za kulanti iliyokauka kwenye maungio, na ubonyeze mipira kwa vidole. Mpira mzima hurudi. Uliokufa ni mgumu kama kuni, au umevimba kwa mafuta.

Na hapa gereji zetu zina tabia mbili za kuachwa. Ya kwanza ni kujaza maji ya bomba. Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu ya Ulaya tu: ina dawa za kuzuia kutu ya alumini, na huinua kiwango cha kuchemka. Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, maji matupu yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na injini nyingi za kisasa hufanya kazi juu ya hapo. Ya pili ni kung'oa thamostati, eti nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake hupewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji, na sehemu ya petroli hiyo hushuka kuta za silinda na kuchanganyika na oili.

Kuna sababu magari haya hutufikia yakiwa na umri huohuo wa hatari. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, shaken, ni gharama, na mwenye gari anayeona wa mwaka wa 7 unakaribia hupata sababu nzuri ya kuliuza. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Mwanya wa katikati ndio huo, na nailoni na mipira iko pia kwenye mwanya huohuo. Karatasi ya mnada wa Japani ni ya kuaminika kwa mambo inayoyaangalia: alama ya 4 au 4.5 husema bodi na ndani ni safi, R husema gari liligongwa likatengenezwa. Mkaguzi wa mnada hafungui rejeta.

Giaboksi ya otomatiki ina hadithi ya mafuta yasiyobadilishwa maisha yote, kama watengenezaji kadhaa wa magari walivyotangaza. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi nyingi za BMW, Jaguar na Land Rover, yenyewe hupendekeza kuyabadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nawaamini waliotengeneza giaboksi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 4 mpya hayachemki chini ya nyuzi 230, yakishalowa kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Yabadilishe kila miaka 2.

Kabla ya kulipa, tafuta fundi mwenye mashine ya aina ya gari hilo. Mashine ya kawaida husoma injini pekee, ilhali ndani kuna kompyuta ndogo nyingi, na kwenye baadhi ya magari kilomita huhifadhiwa katika zaidi ya moja. Aliyerudisha nyuma za dashibodi huenda hakuzifikia nyingine. Mwambie pia aangalie kama vipimo vya ndani vya injini vimekamilika. Visipokamilika, pengine kuna mtu aliyefuta makosa juzi. Na apime betri kwanza, kwa kuwa betri dhaifu huwasha taa za makosa yasiyokuwepo.

Nikiwekewa magari mawili yanayofanana, la kilomita 60,000 lisilo na karatasi na la kilomita 140,000 lenye faili la risiti za mifuko mipya, rejeta mpya na mafuta ya giaboksi yaliyobadilishwa, nachukua la pili. Kisha theluthi ya bei yake naiacha benki, na wiki ya kwanza linakwenda gereji kabla halijakwenda harusini.