Kompyuta ya Linux Katika Ofisi ya Chama

Karani wa chama cha msingi hapa Ndanda aliyeipenda Linux hujikuta akihangaika peke yake. Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta. Uliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Hautozwi ada ya leseni, nao huweza kuifufua kompyuta kuukuu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Hata hivyo, taabu zipo. Baadhi ya printa hugoma kwa kukosa programu ya kuziendesha, na fundi wa jirani huenda akawa amezoea Windows tu. Msimu wa korosho ukifika, mkulima aliyesimama mizanini hangojei karani atafute dawa. Adai stakabadhi yake.

Hivyo yafaa chama kijaribu printa kabla ya kuinunua, kitunze daftari la mizani kwa mkono, na kifundishe watu wawili. Karani mmoja akihama, hesabu za wanachama zisibaki zimefungiwa ndani ya kompyuta.