Kwaresima ya Rusinga na Mtoto wa Jirani

Katika Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, kuna kisiwa kiitwacho Rusinga, upande wa Mbita katika Kaunti ya Homa Bay. Mtu wa Lamu au wa Vanga akifika huko hataona mageni mengi. Ataona mashua zimevutwa pwani, nyavu zimeanikwa, na dagaa, ambao huko huitwa omena, wametandazwa juani wakauke. Ugeni atauona katika ibada, kwani wengi wa wakaaji ni Wakristo: wapo Wakatoliki, wapo Wasabato, na wapo wa makanisa mengine.

Kila mwaka, kutoka Februari au Machi hadi Aprili, mvua za masika zinapokaribia na kuanza kunyesha, shule za Kikatoliki za sehemu hizo huwa katika Kwaresima. Neno hilo asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna hesabu ya arubaini. Ndizo siku arubaini za toba kabla ya Pasaka. Huanza Jumatano ya Majivu, ambapo kasisi humpaka muumini jivu katika paji la uso, kumkumbusha kuwa ametoka mavumbini na mavumbini atarudi. Muislamu asikiapo hayo hahitaji mkalimani.

Saumu yao, lakini, si kama yetu. Sheria ya Kanisa inamlazimisha Mkatoliki kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa kula mlo mmoja kamili na vijilo viwili vidogo. Lazima hiyo humwangukia aliyetimiza miaka 18, hata aingiapo mwaka wa 60. Kuacha nyama siku za Ijumaa humpasa aliyetimiza miaka 14. Basi watoto wengi wa shule hawalazimiki kufunga hata kidogo. Na mtoto wa Rusinga, ambaye kitoweo chake cha kila siku ni samaki, akiambiwa asile nyama Ijumaa, huo si mtihani wa kumtoa jasho.

Mzigo wake uko kwingine, katika sala na sadaka. Siku za Ijumaa kuna Njia ya Msalaba, vituo 14 vya kukumbuka mateso ya Yesu kama wanavyoamini wao. Tena maaskofu wa Kenya hutoa kila mwaka Kampeni ya Kwaresima, yenye mada za haki na amani za kujadiliwa wiki kwa wiki. Hujadiliwa katika jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya majirani wanaokutana nyumba kwa nyumba, utaratibu uliotiliwa mkazo na maaskofu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970.

Muhula wa kwanza huanza Januari na kumalizika Aprili. Kwa hiyo mara nyingi Kwaresima humkuta mwanafunzi darasani, na Pasaka humkuta kwao. Mwaka 2025 Pasaka iliangukia 20 Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Hapo shule na kijiji hupokezana mtoto, na yale aliyofunzwa hupimwa mbele ya wazazi na majirani. Mwaka huo huo Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, na mwezi wa Ramadhani uliandama siku hizo hizo za mwanzo wa Machi. Wao walikuwa katika toba yao, nasi katika yetu.

Zisikilize ibada hizo zinaposomwa kwa Kiswahili. Imani, toba, dhambi, sadaka, rehema, Injili, kasisi, hata msalaba wenyewe: yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na yaliingia bara kwa mlango wa pwani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Kiswahili walichofundishia dini yao walikikuta vinywani mwa watu wetu. Itikadi ni mbali mbali, lakini maneno ya kuombea yalipikwa chungu kimoja.

Shirika hilo hilo ndilo lililoanzisha shule ya Mang'u, karibu na Thika, na hapo tunarejea Rusinga. Mwaka 1946 aliingia Mang'u kijana Mkatoliki ambaye wazee wake ni wa kisiwa hicho, Tom Mboya. Alizaliwa Kilima Mbogo mwaka 1930, baba yake akifanya kazi katika shamba la mkonge. Alikuwa amepitia shule za misheni Ukambani, kisha Yala. Karo ikashinda uwezo wa baba, na kijana akaacha masomo hayo akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1959, akiwa kiongozi mashuhuri wa wafanyakazi, yeye na marafiki zake wa Marekani walipanga safari ya ndege iliyochukua wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Hadi mwaka 1963 waliosafiri kwa mpango huo walikaribia 800. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga.

Shule za misheni zilimfunza Mboya, na umaskini ukamkatiza njia. Yote mawili ni kweli. Shule ya dini haipimwi kwa wingi wa sala zake peke yake. Hupimwa kwa vile inavyomtendea mtoto asiye na karo, na mtoto asiye wa dini hiyo.

Huyu wa pili anatuhusu sisi. Wazazi wengi wa pwani wameletewa barua kuwa mtoto wao ameitwa shule ya bara yenye udhamini wa Kanisa, wakalala macho wazi. Wajue sheria inasemaje. Tangu Sheria ya Elimu ya 1968 Kanisa limekuwa mdhamini wa shule za umma ilizozianzisha, wala si mwenyewe peke yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini kazi ya kukuza mambo ya kiroho, lakini papo hapo inamtaka alinde imani ya wasiokuwa wa madhehebu yake. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kushiriki ibada iliyo kinyume na imani yake.

Hata hivyo, maandishi hayajamaliza mambo. Kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo, iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wasichana wa Kiislamu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya jinsi dai lilivyowasilishwa, ikaitaka serikali iweke kanuni.

Kwa hiyo mzazi na aulize mapema, kwa adabu na bila woga: Je, mwanangu atapata pahali pa kuswali? Atakula daku? Watoto wakienda misa, yeye atakuwa wapi? Ugeni wa Uislamu si hoja katika kaunti ile. Kendu Bay, mwendo si mrefu kutoka Mbita, wako Wajaluo Waislamu wa vizazi na vizazi.

Na kifungu hicho cha 27 hakikuandikiwa Kanisa peke yake. Shule ya pwani yenye mdhamini wa Kiislamu nayo ina mtoto wa mvuvi wa Nam Lolwe aliyemfuata baba yake kazini Mombasa. Jumatano ya Majivu akija na jivu lake usoni, asichekwe. Tunachomdai jirani wa Rusinga kwa mtoto wetu, naye anatudai kwa wake.