«Turufu», «dau», «kura»: maneno ya kamari tunayosema kila siku

Mu Masisi na Walikale, watu wengi hawachezi kamari, na makanisa yanaikataza. Lakini maneno yake tunayasema kila siku, hata kwenye habari za redio. Yanatoka wapi, na yanataka kusema nini?

Tuanze na karata na turufu. Yote mawili ni ya Wareno, ambao walifika Mombasa mwaka 1498. Karata inatoka ku «cartas», turufu ku «trunfo». Hata kopa, pau, uru na shupaza ni majina yao. Turufu ni ile karata inayopiga zingine zote. Kwa Kifaransa ni «atout». Kwa hiyo, ukisikia mutu anasema koltani ya Rubaya ao kasiterite ya Bisie ni «turufu» kwenye mazungumzo, ujue anasema kama muchezaji: madini ni karata mukononi mwake.

Dau ni feza ao kitu ambacho muchezaji anaweka mbele. Wakisema «dau limepanda», maana yake atakayeshindwa atapoteza mingi zaidi. Kwenye kamari, kila mutu anaweka dau lake mwenyewe. Kwenye vita haiko hivyo: wanaocheza ni wengine, na dau ni shamba, ng'ombe na masomo ya watoto wa mukulima.

Neno la tatu linashangaza: kura. Linatoka kwa Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuachia bahati ichague. Mu Biblia, Yoane 19:24, askari wanapigia kanzu ya Yesu kura. Leo kupiga kura ni kinyume: si bahati inayochagua, ni mutu. Lakini mwezi wa 12 mwaka 2023, wakati Kongo ilichagua rais na wabunge, Masisi hakukuwa uchaguzi sababu ya vita. Wakaaji wake walibaki na ile maana ya zamani: wengine wanatupa, wewe unangoja kuona itakuangukia namna gani.

Basi siku ingine ukisikia kiongozi, wa upande wowote, anasema «tunacheza karata yetu ya mwisho», jiulize kwanza: dau ni la nani?

Na kama kwenu kuna neno lingine la namna hii, kwa Kihunde, Kinyanga ao Kinyarwanda, tutumie ujumbe. Tutalielezea.