Chaneli Mpya na Njia ya Kale: Nani Atausimulia Mji wa Tabora?

Majina ya redio ya taifa letu ni historia ya nchi kwa ufupi. Mwaka 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, ilianza kusikika Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika lililoitwa Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa kifupi TBC. Mwaka 1965, baada ya Uhuru na Muungano, jina hilo likaondoka na ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu hadi leo hawajaacha kuitaja. Mwaka 2000 ikazaliwa Televisheni ya Taifa, TvT. Kisha mwaka 2007 Serikali ikaunda Shirika la Utangazaji Tanzania, na herufi zile zile za TBC zikarejea baada ya zaidi ya miaka 40, safari hii zikiwa za nchi iliyo huru. RTD ikawa TBC Taifa, na TvT ikawa TBC1.

Jina jipya halikuwa mwisho wa jambo. Tarehe 15 Desemba 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Tanzania Safari Channel, chaneli ya utalii iliyo chini ya shirika hilo, kwa madhumuni ya kuitangaza nchi ndani na nje ya mipaka yake. Kwa hatua hiyo televisheni ya umma ilijitwika kazi ya pili. Ilikuwa ikituhabarisha sisi wenyewe, na sasa inawaeleza walimwengu sisi ni nani.

Makala haya yanahusu kazi hiyo ya pili, kwa kuwa inatugusa sisi watu wa Tabora, na wenzetu wa Ujiji, Urambo na miji yote iliyokaa juu ya njia ya kale ya misafara.

Si mara ya kwanza kusema na dunia

Vijana wetu wafahamu kwamba taifa hili lilisema na mataifa kabla ya kuwa na picha. Katika miaka ya mapambano ya ukombozi, RTD ilikuwa na idhaa ya nje, na vyama vya wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika vilipewa nafasi ya kusema na watu wao kutoka Dar es Salaam. Nchi ilikuwa maskini, lakini ilijua inataka kusema nini, na kwa ajili ya nani.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakisema nasi kwa lugha yetu. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Hivi karibuni, mwaka 2023, shirika la utangazaji la Uturuki limeanzisha TRT Afrika, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Kila mmoja wao ana sababu zake, na hatumlaumu yeyote. Ila tunakumbusha kwamba aliye na kipaza sauti ndiye anayechagua la kusema na la kuacha. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Tuiangalie basi sura ambayo nchi yetu hujitambulishia kwa wageni. Utalii wa Tanzania umejengwa juu ya wanyama wa Serengeti na Ngorongoro, juu ya Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar. Hizo ni neema za Mwenyezi Mungu na zinastahiki kuonyeshwa. Lakini nchi ina watu pia, na watu wana miji. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya Urithi wa Dunia, na Kwihara, kilomita chache kutoka hapa mjini, ni moja ya vituo vyake. Hazina hiyo haikai katika mbuga. Inakaa katika majumba yetu na katika vifua vya wazee wetu.

Njia iliyobeba habari

Kabla ya redio, njia hii ndiyo iliyokuwa chombo cha habari. Msafara uliobeba pembe za ndovu, nguo na shanga ulibeba pia salamu, bei za soko, khabari za vita na mafunzo ya dini. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora hii, mwezi Novemba. Khabari ya pwani ilifika kwa miguu ya mpagazi. Kwa miguu hiyo hiyo ulifika Uislamu, mikononi mwa wafanyabiashara, mafundi, walimu wa Qur'ani na wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurejea wakiwa wamesilimu.

Na ulimwengu wa nje uliisikia Tabora kwa kalamu ya nani? Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuwa mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald. Mwaka 1872 wote wawili walikaa Kwihara. Nyumba waliyokaa ilijengwa kwa mtindo wa tembe, ilikuwa ya wafanyabiashara Waarabu, na leo ni makumbusho. Lakini mgeni akifika huambiwa kwamba hili ni Tembe la Livingstone. Mgeni aliyekaa miezi michache ameachiwa jina la nyumba, na wenyeji waliomkaribisha hawatajwi mlangoni.

Mwaka uliofuata Livingstone alifariki, na waliobeba mwili wake kwa miguu kupitia hapa hadi Bagamoyo ni Susi, Chuma na wenzao, watu wa Afrika. Sifa za safari hiyo nazo ziliandikwa zaidi na wengine.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa njia hii hawakuwa na kalamu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye jamaa zake walikuwa na makazi hapa Tabora, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu hicho kimesomwa kwa zaidi ya miaka 100. Humo anajieleza kama alivyokuwa: msafiri, mfanyabiashara, mtu wa vita, na mtu aliyeshika watumwa.

Palipo na uzito

Hapo tumefika mahali ambapo wengi wetu hunyamaza. Njia hii ilipitisha bidhaa, na ilipitisha binadamu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Hilo si jambo la zama za mbali. Ni zama za babu wa babu zetu, na kwa wazee wengine ni zama za babu zao.

Katika safu moja ya swala mjini kwetu husimama vizazi vya waliomiliki watumwa, vizazi vya waliokuwa watumwa, vizazi vya wapagazi waliofanya kazi kwa ujira, na vizazi vya Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kila nyumba inajua kitu, na nyumba nyingi zimechagua kunyamaza. Wapo wasemao kwamba kunyamaza ni sitara, na kwamba kuyafukua hayo kutavunja udugu.

Tunaiheshimu hoja hiyo, kwani dini yetu imetufundisha kusitiri aibu ya mja. Lakini tutafakari. Sitara ni kwa aliyekosa, nayo ni kwa kosa lake. Aliyetekwa na kuuzwa hakukosa chochote, na mjukuu wake hana cha kuficha. Aibu ni ya kitendo, na mjukuu wa aliyekitenda habebi mzigo wa babu yake. Kinachovunja udugu ni dharau ya nasaba, ile inayonong'onwa pale kijana anapopeleka posa. Dharau hiyo inaishi kwa sababu ya ukimya, kwani minong'ono hustawi palipokosekana maneno ya wazi.

Kisha ukimya wetu unawaachia wengine uwanja. Yuko atakayesema kwamba historia ya Uislamu katika njia hii ni utumwa mtupu. Yuko atakayejibu kwamba utumwa haukuwepo. Wote wawili watakuwa wamesema uongo, na mtoto wetu aliye mbele ya televisheni hatakuwa na kipimo cha kuwapimia. Surat al-Hujurat inatuamuru kuichunguza khabari kabla ya kuitendea kazi. Wanavyuoni wetu wa hadithi waliijenga elimu nzima juu ya swali la nani kapokea kutoka kwa nani. Umma wenye urithi huo usiwe wa mwisho kuhifadhi mapokezi ya mji wake.

Tufanye nini

Kwanza, kila familia ikae na mzee wake mwaka huu, imrekodi kwa simu kwa idhini yake. Aulizwe ukoo ulitoka wapi, kwa kazi gani, nani alimsomesha Qur'ani, na nani alimsomesha mwalimu wake. Mzee akikataa jambo fulani, aachwe.

Pili, barua na vitabu vya kale vya hati ya Kiarabu visichomwe wala kuuzwa kwa wapita njia. Vipigwe picha, vifungwe katika kitambaa safi, viwekwe mbali na unyevu na mchwa.

Tatu, kila kamati ya msikiti imteue mtu mmoja mwaminifu wa kuorodhesha hayo. Madaftari yetu ya ndoa na mazishi yana majina ya watu ambao hakuna kitabu kinachowataja.

Nne, watangazaji wakija tuwapokee kwa heshima na kwa masharti: idhini ya wenye nyumba, jina sahihi la kila msemaji, wala asitajwe mtu kwa nasaba yake bila ridhaa yake. Shirika linalopata fedha za umma lina wajibu kwetu, nasi tuna haki ya kuliandikia barua kuliomba lije. Na likija likute tumejiandaa.

Tano, wazazi watazame vipindi pamoja na watoto. Kipindi kikimalizika waulizane: nani amezungumza, na nani hakuulizwa?

Mitambo imeshafungwa na chaneli ipo hewani. Wazee wanaoijua njia hii wanapungua kila mwaka, na sisi tunaoshika madaftari ya mazishi tunaliona hilo kwa hesabu. Aliye na mzee nyumbani asingoje kamati wala kamera. Aanze Ijumaa hii baada ya swala, Inshaallah.