Mfalme Mshika Mbili: Njia za Kupata Sare Mwishoni mwa Sataranji

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika makala haya tutaona mahali ambapo methali hiyo haitimii, nasi tutaeleza sababu yake kwa hesabu.

Vijana wa Mazingara, na wenzao wa Handeni na Korogwe, wanaijua vema drafti ya vizibo vya soda. Sataranji huchezwa juu ya ubao kama huo, wenye miraba 64. Safu za wima huitwa kwa herufi a hadi h, na za mlalo kwa tarakimu 1 hadi 8. Mwishoni mwa mchezo aghalabu hubaki wafalme wawili na askari mmoja au wawili. Mfalme huenda mraba mmoja kwa zamu, upande wowote. Askari huenda mbele tu, na akifika safu ya mwisho hugeuzwa malkia. Hapo mwenye kuzidiwa hudhani kwamba yote yamekwisha, kumbe sare ingali mbele yake.

Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, jioni moja nilicheza na mzee mmoja. Mfalme wake alikuwa e5 na askari wake e6. Mimi nilikuwa na mfalme peke yake, e7, na zamu ilikuwa yangu. Nilirudi d8, nikashindwa. Mzee akapanga upya na kunionyesha kwamba ningalirudi e8, tungalitoka sare. Tazama: yeye akienda d6, mimi naenda d8, askari akisogea e7, narudi e8. Sasa akimwacha askari nitamla. Akimlinda kwa kwenda e6, mfalme wangu hana pa kwenda wala hakushambuliwa, na kwa kanuni hiyo ni sare. Lakini nikiwa nimetangulia d8, yeye huja d6 na kunikabili. Nikienda e8, askari huingia e7 nami nalazimika kutoka kwa njia ya f7; yeye huenda d7, na malkia hazuiliki tena.

Siri yake ni mkabala. Wafalme wakitazamana huku mraba mmoja ukiwa kati yao, mwenye zamu ndiye mwenye hasara, kwa kuwa hana budi kusogea na kumpisha mwenzake. Basi anayejihami na arudi nyuma moja kwa moja mbele ya askari, ili adui akijongea upande wowote, yeye amkabili.

Siri ya pili ni umbali. Katika jiometri ya Pythagoras, njia iliyopinda ni ndefu kuliko iliyonyooka. Kwa mfalme wa sataranji sivyo. Kutoka a1 hadi a8 ni hatua 7. Lakini akipita b2, c3, d4, d5, c6 na b7, vilevile atafika kwa hatua 7. Njia za namna hiyo, zenye hatua 7 kamili, ni 127. Umbali wake ni ule ulio mkubwa kati ya tofauti ya safu wima na tofauti ya safu mlalo. Wanahisabati wameupa jina la Chebyshev, mtaalamu wa Urusi aliyeishi 1821 hadi 1894.

Mwaka 1921 Richard Réti, bingwa aliyezaliwa 1889 katika dola ya Austria na Hungaria, alitunga fumbo juu ya msingi huo. Mfalme mweupe yupo h8 na askari wake c6. Mfalme mweusi yupo a6 na askari wake h5. Zamu ni ya mweupe, naye atafute sare. Askari mweusi atafika h1 kwa hatua 4. Mweupe, akianza yeye, angehitaji kuwa hatua 5 kutoka h1 ili amkamate. Yupo hatua 7. Amechelewa kwa hatua mbili. Askari wake mwenyewe naye yu karibu kuliwa.

Jibu ni kwenda kwa hanamu. Mfalme hushuka g7, askari mweusi huja h4. Mfalme hushuka f6, akiwafuata askari wote wawili kwa mwendo mmoja. Mweusi akikimbilia h3, mfalme huenda e7 kumsindikiza askari wake, na pande zote mbili hupata malkia. Mweusi akiamua kwenda b6 kumla askari, mfalme huja e5. Sasa mweusi akila c6, mfalme huenda f4, naye amewahi: askari mweusi atakamatwa. Akikimbilia h3 badala ya kula, mfalme huenda d6, na malkia wawili huzaliwa tena. Hatua mbili zilizopungua zimelipwa na mweusi mwenyewe, kwa kulazimika kushughulika na c6.

Mwalimu aweza kuchora ubao kwenye karatasi ya manila na kuwapa wanafunzi fumbo hili kabla ya kuwaonyesha jibu. Wengi watasema haiwezekani. Wawaache wahesabu hatua kwa vidole, mraba kwa mraba. Mimi jioni ile sikuhesabu. Nilitazama ubao nikakata tamaa, na mraba wa kuniokoa ulikuwa nyuma yangu tu.