Boti Kisumu: Jua Unamlipa Nani Kabla Injini Haijawashwa

Kuna watu wamefika Kisumu mara kumi, wakala samaki, wakapiga picha ufuoni na kurudi Nairobi bila kupanda boti hata siku moja. Ukiwauliza kwa nini, wanakupa sababu mbili: wanaogopa maji, na wanaogopa kuchezewa bei. Hofu zote mbili zina msingi. Na Agosti hii, shule zikiwa zimefungwa na ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wakiwa nyumbani kwa likizo, tumeona heri tuziongelee pamoja.

Timu yetu ilitoka Jumamosi moja asubuhi kwenda Dunga, kijiji cha wavuvi kilicho karibu tu na katikati ya jiji. Tuktuk inakufikisha. Tulichagua asubuhi makusudi, kwa sababu ziwa huwa limetulia. Mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka majini, na jioni mawingu yanaweza kujipanga upande wa milima ya Nandi yakaleta mvua ya radi. Ukiambiwa saa kumi jioni ndio wakati mzuri wa kwenda mbali, uliza tena.

Hata hatujashuka vizuri, kijana mmoja akatukimbilia. Boti iko, bei ni poa, tumtumie tu deposit kwa namba yake atushikie nafasi. Tukamwambia asante, tunaelekea kwa ofisi ya BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufuo. Akatuacha akaenda kwa wengine.

Familia iliyokuwa mbele yetu ilikuwa imeshamtumia shilingi 1,500. Walikuwa saba, watoto wakiwa watatu. Boti iliyoletwa ilikuwa na jaketi nne za kuokoa maisha. Baba alisimama pale akihesabu, tena akahesabu, halafu akaanza kuwaambia watoto wapande tu, watashikana. Kwani angefanyaje, na pesa imeshaenda?

Hapo ndipo tunapotaka usome polepole. Deposit ya haraka haraka si hatari kwa mfuko pekee. Inakufanya upande boti ambayo, kama mfuko wako ungekuwa bado umefungwa, ungeikataa papo hapo. Mama ndiye aliyekataa. Akawashika watoto mikono, akasema hakuna mtu anapanda, na baba akapiga simu kwa huduma kwa wateja akiwa bado pale mchangani.

Alifanya vizuri kupiga mapema. Ombi la kurudishiwa pesa huanza na ile SMS ya muamala: namba yake, kiasi na saa. Pesa ikiwa bado iko kwa akaunti ya aliyepokea, inaweza kuzuiliwa wakati ombi linaangaliwa. Akishaitoa kwa ajenti, hatuwezi kukuahidi kitu. Kwa hivyo usikae ukibishana na mtu nusu saa, piga kwanza, ubishi utafuata. Pia kumbuka, kabla pesa haijaenda, jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini. Kijana aliyesimama mbele ya baba huyo alikuwa mwanamume, jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Ishara ilikuwa hapo.

Njia tuliyotumia sisi ni hii. Kwanza tuliiona boti kwa macho na kuhesabu jaketi, moja kwa kila kichwa, za watoto zikiwa za kimo chao. Pili tukakubaliana bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, ni saa ngapi, na tunafika wapi. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa: unaambiwa 500, unadhani ni ya wote, mkirudi unaambiwa ni 500 mara sita. Tatu, tulilipa kwa till yenye jina la biashara, nusu kabla na nusu baada ya kurudi. Mmoja wetu alilipa, wengine wakamtumia sehemu zao tukiwa bado nchi kavu.

Na ziwa lenyewe? Lina raha yake. Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na Kenya tuna kama asilimia 6 tu, ila asilimia hiyo ina mambo. Boti inapita kando ya mafunjo marefu ambako wadiria wanajitupa majini kama mawe. Viboko tuliwaona kwa mbali, masikio na pua tu. Usimwombe nahodha asogee karibu zaidi kwa sababu ya picha. Gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini, husukumwa na upepo: leo ufuo uko wazi, kesho umefunikwa kijani kibichi na boti haipiti. Ndiyo maana uulize mapema, ikiwa safari itakatizwa na gugumaji, pesa inarudi au la.

Wenye muda zaidi huenda kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986. Ada ya kuingia ni ya KWS na inalipwa kupitia eCitizen, si kwa mkono wa mwenye boti. Lipa mwenyewe na uweke risiti.

Tuliporudi tulikula ngege wa kukaanga na ugali. Samaki naye ana bei ya kuulizwa kabla hajaingia kwa mafuta, maana akishaiva huna nguvu ya kujadiliana.

La mwisho ni simu. Katikati ya maji kila mtu anataka selfi, na simu huteleza. Ikizama, pesa zako hazijazama nayo, ziko kwenye akaunti. Azima simu ya jirani, utupigie tufunge laini, halafu uende na kitambulisho chako kuchukua laini mpya yenye namba ileile. Picha ndizo hatuwezi kukurudishia.